Je, Simu Janja Zahitaji Dawa ya Virusi?



Katika mdahalo wa Ijumaa mmoja wa muhula huu, kidato chetu kilipewa hoja isemayo kwamba kila simu janja yahitaji programu ya antivairasi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Tulishindwa, tena kwa kura nyingi. Sina kinyongo na walioshinda, maana walisema vizuri. Walakini mdahalo ule ulikuwa wa Kiingereza, na mimi ni mmoja wa wale ambao Kiingereza huwakimbia mara wasimamapo mbele ya watu. Nilisema dakika mbili, nikaketi, na mengi niliyotaka kusema yakabaki moyoni. Kwa hiyo namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi katika gazeti letu ili niyaseme kwa lugha ambayo hata mama yangu ataisoma.

Kabla sijaendelea, Mwalimu wa Nidhamu asitie shaka. Sheria ya shule naijua, na simu sina. Simu nitakayoieleza ni ya mama, nami huishika nyumbani jioni na wakati wa likizo tu, yeye akiwa ameniruhusu. Tena habari yake naieleza kwa ruhusa yake. Nilipomwuliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika, mwanangu, labda atapona mwingine."

Mama yangu ni mkulima wa mpunga hapa Mabogini. Shamba letu ni dogo, nalo lapata maji ya mfereji wa skimu ya Lower Moshi, ile iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Mbali na kilimo, mama ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu. Fedha za kikoba hukaa katika laini yake ya simu mpaka siku ya mkutano, na kwa sababu hiyo simu ile kwake si chombo cha kuchezea.

Mwaka jana alisikia kwa wenzake kwamba simu huingiwa na virusi, navyo huiba fedha. Akaogopa, kama mtu yeyote mwenye amana ya watu angeogopa. Siku ya kwenda mjini Moshi akaingia kwa fundi mmoja wa simu, akaeleza hofu yake. Fundi akachukua simu, akabonyeza hapa na pale kwa muda usiozidi dakika tano, akamwambia, "Tayari mama, nimekuwekea antivairasi, sasa huna la kuhofu." Akalipwa shilingi 5,000. Tangu siku ile, kila mama alipofungua simu aliona alama ya kijani na maneno ya kusema kwamba simu yake iko salama. Aliona pia matangazo mengi ambayo hapo kwanza hayakuwapo, na kifurushi cha intaneti kilichokuwa kikitosha wiki nzima kikawa chaisha siku ya nne. Lakini hayo aliyavumilia, akidhani ndiyo gharama ya ulinzi.

Wakati wa mavuno alipigiwa simu na mtu aliyejiita mhudumu wa wateja. Mtu yule alisema kwa adabu sana, "Shikamoo mama, laini yako imeonekana ina kirusi, na tusipoisafisha sasa hivi fedha zitafungiwa." Mama akajibu kwamba yeye ana antivairasi. Mtu yule hakubabaika hata kidogo. Akasema, "Ndiyo mama, hiyo antivairasi yako ndiyo iliyotuletea habari." Basi mama akaamini. Akapiga tarakimu alizotajiwa, moja baada ya nyingine, na mwisho akaweka namba yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amesimama matopeni katikati ya majaruba. Shilingi 180,000 za kikoba zikaenda.

Jioni ile nilishika simu nikaitazama. Alama ya kijani ilikuwa pale pale: simu yako iko salama. Wala haikusema uongo. Simu ilikuwa salama kabisa; aliyeibiwa ni mama. Tuliuza magunia mawili ya mpunga yaliyokuwa yametengwa kwa chakula cha nyumbani na sare ya mdogo wangu, kikoba kikapata fedha zake, na sisi tukala kwa kubana mpaka msimu uliofuata.

Hiyo ndiyo sababu nilisimama upande wa kupinga. Lakini sitaki mtu adhani kuwa nasema kwa uchungu tu. Uchungu si hoja. Tangu wakati ule nimesoma juu ya jambo hili kila nilipopata nafasi katika chumba chetu cha kompyuta, na nimewasumbua walimu kwa maswali. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, yafaa tujue imani hii imetoka wapi. Imetoka katika kompyuta. Nani kati yetu hajapeleka flashi stationery kutoa chapa, akarudi nayo nyumbani akakuta mafaili yake yote yamegeuka kuwa vitu visivyofunguka? Kompyuta za zamani ziliacha mlango wazi: programu ikishaingia, iliweza kusoma na kuharibu karibu kila kitu kilichomo. Hapo antivairasi ilikuwa na kazi kubwa, na ilistahili ujira wake. Basi watu walipoanza kununua simu janja, walichukua hofu ya kompyuta wakaihamishia mfukoni.

Sisemi kwamba programu mbaya za simu hazipo. Zipo, tena zilianza kitambo. Mwaka 2004 kilijulikana kirusi kiitwacho Cabir, kilichokuwa kikipita kwa Bluetooth kutoka simu moja hadi nyingine. Walakini angalieni jambo moja: Cabir hakikuweza kuingia mpaka mwenye simu akubali kukipokea. Tangu siku hizo hadi leo, sehemu kubwa ya maovu ya simu yamepitia mlango huo huo, yaani kidole cha mwenye simu.

Pili, simu janja haikujengwa kama kompyuta za zamani. Katika simu ya Android kila programu hupewa chumba chake, nacho kina kufuli. Programu ikitaka kitu kilicho nje ya chumba chake, kama vile majina ya watu, picha, kipaza sauti au ujumbe mfupi, haina budi kubisha hodi na kumwuliza mwenye simu: waniruhusu au wanikataza? Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, ndivyo simu hizo ziulizavyo. Sasa, antivairasi unayoiweka nayo ni programu kama nyingine. Imefungiwa katika chumba chake. Haiwezi kuingia vyumba vya wenzake ikapekua chini ya vitanda. Iwezalo kwa kawaida ni kutazama ni programu gani zimewekwa, kupitia mafaili yaliyo katika ukumbi wa wote, na kuyalinganisha na orodha yake ya wezi wanaojulikana.

Kazi hiyo si mbaya. Lakini yupo tayari mtu aifanyaye. Tangu mwaka 2017 simu za Android zenye duka la Google huja na mlinzi aitwaye Play Protect, naye hukagua programu zilizomo, hata zile zilizotoka nje ya duka, bila kudai hata senti moja. Na katika simu za iPhone, programu moja hairuhusiwi kabisa kukagua nyingine. Kiitwacho antivairasi huko mara nyingi ni cha kuzuia kurasa mbaya za mtandao, wala hakipekui virusi. Kwa hiyo mama alilipa shilingi 5,000 kuajiri mlinzi wa pili asimame pale pale aliposimama wa kwanza.

Tatu, hao walinzi wa kuajiriwa wenyewe si wote waaminifu. Mwaka 2014 katika duka la Google palikuwa na programu iitwayo Virus Shield, ikiuzwa kwa karibu dola 4 za Marekani. Ilipakuliwa zaidi ya mara 10,000. Ilipochunguzwa, ilionekana haifanyi kazi yoyote: ukiigusa, alama ya mkasi iligeuka kuwa alama ya vema, basi. Google wakaiondoa na kuwarudishia watu fedha zao. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilizijaribu antivairasi 250 za Android, ikazipitishia programu mbaya 2,000. Ni 80 tu zilizoweza kukamata zaidi ya asilimia 30 bila kuwasingizia wasio na hatia. Nyingine zilikuwa na orodha fupi ya marafiki, na kila asiyekuwamo waliita adui. Hata zikapatikana zilizojiita zenyewe adui, kwa kuwa watengenezaji walisahau kujiandika katika orodha yao. Darasa zima litacheka, lakini mtu mwenye amana ya watu hawezi kucheka.

Hata penye majina makubwa yafaa kufumbua macho. Mnamo Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya Avast, yenye jina kubwa katika kazi ya antivairasi, ilipe dola milioni 16.5, kwa kuwa habari za kurasa walizotembelea wateja wake zilikuwa zimekusanywa na kuuzwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukimpa mlinzi funguo zote za nyumba, mwulize kwanza mshahara wake watoka wapi, hasa akikwambia kwamba halipwi.

Sasa nataka kuzijibu hoja za wenzetu walioshinda, maana siku ile sikuzijibu.

Hoja yao ya kwanza ilikuwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Nakubali kabisa. Lakini sisi wa Mabogini twajua kinga ni nini, kwa kuwa twaishi na mbu wa majaruba. Mtu alalaye nje bila chandarua, akajipa moyo kwa sababu ana vidonge vya malaria mfukoni, hatuwezi kusema amejikinga. Kinga ni chandarua kisicho na tundu. Katika simu, chandarua ni masasisho ya mfumo. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro katika Android, ikapewa jina la Stagefright: ujumbe wenye video mbaya uliweza kumpa adui njia ya kuingia katika simu, na ilikadiriwa kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa na kasoro hiyo. Tundu lile lilihitaji kuzibwa katika mfumo wenyewe, kwa masasisho, na ni tangu mwaka ule Google wakaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Lakini wangapi kati yetu, simu ikisema "sasisha", twajibu "baadaye", kwa kuhurumia kifurushi? Kifurushi kile kile twakimaliza kwa matangazo ya antivairasi.

Hoja yao ya pili ilikuwa kwamba simu zetu Waafrika ni za bei nafuu, na nyingine huja na virusi tangu dukani. Hili nalo ni kweli, wala sitalificha. Mnamo Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kama Ethiopia, Ghana na Afrika ya Kusini, zilikutwa na programu mbaya ziitwazo Triada na xHelper, zilizokuwa zikiandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua na kula salio lao. Watengenezaji wa simu wakasema kosa lilitokea kwa mwingine katika safari ya utengenezaji, na kwamba walikuwa wamekwisha kutoa masasisho ya kuziondoa. Jambo hili lahuzunisha, maana maskini ndiye aliyeibiwa. Lakini je, antivairasi ingefaa nini hapo? Kitu kilichopandwa ndani ya mfumo wenyewe, programu ya kawaida iliyofungiwa chumbani mwake haina nguvu ya kuking'oa. Labda yaweza kupiga kelele, ukajua kwamba una mgeni, hilo nalikubali. Dawa yake ilikuwa masasisho, na kabla ya hapo ni uaminifu wa watengenezaji na wauzaji.

Hoja yao ya tatu ilikuwa juu ya WhatsApp za rangi rangi, zile ambazo vijana hupeana kwa Bluetooth na kadi za kumbukumbu, zenye kuonyesha ujumbe uliofutwa na mengineyo. Mwenzangu alisema kwamba mwaka 2021 Kaspersky walikuta Triada hiyo hiyo ndani ya FMWhatsApp. Alisema kweli, na tuwashukuru Kaspersky, ambao ni watu wa antivairasi, kwa kuigundua. Walakini mtu aliyeileta FMWhatsApp nyumbani mwake ni nani? Ni yeye mwenyewe. Alionywa na simu kwamba programu hii yatoka mahali pasipojulikana, akabonyeza "endelea". Yeye ni kama mtu aliyemfungulia mwizi mlango, kisha akataka kununua mbwa. Funga mlango kwanza.

Tena kuna hatari moja kubwa ambayo hakuna aliyeitaja siku ile, nayo iko hapa kwetu. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila leseni. Wengi wetu twajua ndugu au jirani aliyeumizwa na mikopo ya namna hii. Ukiiweka programu, yakuomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo katika simu yako. Nawe kwa kuwa una shida ya ada au ya mgonjwa, waruhusu upesi. Ukichelewa kulipa siku mbili, ujumbe wa kukuaibisha watumwa kwa wakwe zako, kwa mwajiri wako, na hata kwa kiongozi wa kanisa au msikiti. Sasa niambieni, kirusi kiko wapi hapo? Programu iliomba, na mwenye simu akaruhusu. Antivairasi nyingi zitaipita na kusema ni salama. Lakini heshima ya mtu imekwisha kuharibika, na heshima haina masasisho.

Basi msimamo wangu ni huu. Mtu anayepata programu zake katika duka rasmi la simu yake, anayepokea masasisho, na anayesoma ruhusa kabla ya kukubali, hana haja ya kununua antivairasi. Fedha hiyo ainunulie daftari mtoto. Sisemi kwamba antivairasi zote ni bure. Katika majaribio yale ya mwaka 2019 palikuwa na 23 zilizokamata programu mbaya zote 2,000, na hizo zastahili sifa. Mtu mwenye simu kuukuu isiyopata masasisho tena, na ambaye hana njia ya kununua nyingine, au mtu ambaye kazi yake yamlazimu kuweka programu za nje ya duka, aweza kuchagua moja iliyo na jina jema na iliyojaribiwa na watu wasio na maslahi nayo, nayo yaweza kumsaidia kwa kiasi. Lakini ajue kwamba amepata fimbo tu, na fimbo haitoshi kuwa ukuta.

Hatari niionayo mimi katika antivairasi kuliko zote haiko katika programu zenyewe. Iko katika usingizi unaoletwa na alama ile ya kijani. Kabla ya kwenda kwa fundi, mama alikuwa mwoga: kila ujumbe wa kigeni aliniletea nimsomee, na kila aliyempigia akitaja fedha alimkatia simu. Baada ya alama ya kijani, aliacha kuogopa. Hofu yake ilikuwa mlinzi wake wa kweli, na fundi akamwuzia kitu cha kuiondoa.

Kwa sababu hii napenda kutoa mashauri machache, kwanza kwa wazazi wetu. Maneno yakitokea ghafula katika simu yakisema una virusi kumi na saba, bonyeza hapa usafishe, msibonyeze; ukurasa wa mtandao hauna macho ya kuona virusi katika simu yako. Ni tangazo, au ni mtego. Namba ya siri ni kama ufunguo wa ghala: hakuna mhudumu wa kweli wa kampuni ya simu au benki atakayewaomba, wala atakayewaamuru kupiga tarakimu asizozieleza. Mkipokea ujumbe wa ulaghai, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", upelekeni pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo. Pigeni pia *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, maana yaweza kuwamo ambayo hamkuisajili ninyi.

Pili, kwa walimu wetu. Naomba kwa heshima kwamba somo la kompyuta lisiishie katika kutaja sehemu za kompyuta. Tufundishwe kufungua mipangilio ya simu na kutazama ruhusa moja moja: kwa nini programu ya tochi ione majina ya watu? Kwa nini mchezo wa karata usome ujumbe mfupi? Najua simu haziruhusiwi shuleni, wala siombi ziruhusiwe. Picha ya skrini iliyochorwa ubaoni yatosha. Twafundishwa jinsi mbu aambukizavyo malaria bila kuleta mbu darasani.

Tatu, kwa wanafunzi wenzangu. Sisi ndio tunaowawekea wazee wetu programu katika simu. Sisi ndio tunaoleta WhatsApp za rangi na michezo ya kunakili, kwa kuwa tunatumia simu zao usiku tukidai twasoma. Mimi mwenyewe nakiri kwamba katika simu ya mama, kabla ya fundi yule, mlikuwa na programu tatu nilizozileta kwa rafiki, nami sikumwambia. Hazikumwibia, lakini zingeweza. Basi likizo hii ijayo, kila mmoja wetu akae na mzazi wake nusu saa. Afute kile kisichojulikana, akague ruhusa, atazame kama Play Protect imewashwa, akubali masasisho hata kama yatakula kifurushi cha siku moja. Kazi hiyo haigharimu shilingi 5,000, wala haihitaji nauli ya kwenda mjini.

Nyumbani kwetu antivairasi ile tumeiondoa. Matangazo yamekwisha, na kifurushi sasa chafika siku ya saba. Badala yake mama amekata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu, "Namba ya siri si ya kutaja," akakibandika nyuma ya simu kwa gundi ya karatasi. Akina mama wa kikoba walimcheka mwanzoni. Siku ya mkutano uliofuata, wawili wao walikuja wakaomba niwaandikie na wao.

Na kama hoja ile itarudishwa katika mdahalo muhula ujao, mimi niko tayari kusimama tena upande ule ule. Namwomba Mwenyekiti jambo moja tu: safari hii iwe kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu